Motere Gani kwa Chevelle, kama Pesa Ni Kidogo?



Jioni moja ya mwezi uliopita, picha moja ilileta kelele kubwa kwenye internati. Ilikuwa picha ya gari ya Amerika, Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, rangi nyekundu, na mistari mbili nyeusi juu ya kapo. Chini yake iliandikwa kwamba gari inauzwa pasipo motere, na kwamba ilitoka kiwandani na V8 ndogo ya 307. Wale wa sehemu ya ufundi wakaanza kubishana: ukiipata gari hii, na pesa si mingi, utaweka motere gani? Karibu wote wakajibu kwa sauti moja: "Ile kubwa kupita zote, basi!" Mimi kama doyen, kazi yangu ilikuwa kunyamazisha watu na kuzima taa. Nakubali mbele yenu kwamba nilibishana pia, na taa ilichelewa. Lakini jibu langu lilikuwa lingine, na hakuna aliyenipa nafasi ya kulieleza mpaka mwisho. Njo maana ninaandika.

Kuna sababu ya pili, nayo si mchezo. Baba mdogo wangu ana pikapu ya zamani. Motere yake ilipokufa, alipata motere ingine ya mazuti, ya silinda sita, iliyotoka ndani ya lori, kwa bei ndogo. "Mwanangu," aliniambia, "hii motere inanguruma kama simba!" Kweli ilinguruma, pale chini kwenye udongo wa garaji. Kisha wakaanza kuiingiza. Bwati ya vitesi haikuungana nayo. Wakatafuta bwati ingine. Bwati ile ikawa ndefu, wakakata mti wa transmisio (ile bomba ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) na kuiunga tena kwa moto. Radiatere ikawa ndogo. Resore za mbele zikalala. Kila juma fundi alileta karatasi ya kitu kipya, na pesa ya minervale yangu ya muhula wa pili ikaenda katika zile karatasi. Nilirudi shuleni majuma matatu nyuma ya wengine. Pikapu iko nyuma ya nyumba mpaka leo, na kuku wanataga ndani.

Simcheki baba mdogo, sababu alitaka gari ifanye kazi ili sisi watoto tusome. Lakini nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Waamerika wamekuwa wakitoa motere huku na kuitia kule kwa zaidi ya miaka 60, na wale wa pesa kidogo kati yao wamejifunza mambo mingi kwa kupoteza. Basi turudi kwa Chevelle, tuhesabu pamoja.

GARI ZA MISULI

Waamerika wanaziita gari za misuli. Mwili wake ni wa gari ya kadiri, ya jamaa, si ya bei kali sana; lakini motere yake ni V8 kubwa. Wengi wanaweka mwanzo wake kwenye Pontiac GTO ya modeli ya 1964. Wakati ule General Motors ilikuwa na sheria ya ndani: gari ya kadiri isipewe motere ya kupita inchi za ujazo 330, ni kusema litre 5,4. Pale Pontiac, injinia mkubwa John DeLorean na wenzake walitia motere ya inchi 389 ndani ya gari ndogo ya Tempest. Hawakuiandika kama gari mpya, waliiandika kama kitu cha kuchagua juu ya gari ya kawaida, na hivyo wakapita pembeni ya sheria. (Mtu asijaribu njia hii na kanuni za internati.) Mwaka wa kwanza waliuza zaidi ya 32 000.

Nyuma yake kila kampuni ikataka yake. Mwaka 1970 Chevelle iliweza kununuliwa na motere iliyoitwa LS6, inchi 454, litre 7,4, na kiwanda kiliandika farasi 450. Kisha mambo yakageuka upesi: asiransi ya vijana ikawa bei kali, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikalazimisha viwanda kupunguza moshi mubaya, na mwaka 1973 esansi ikakosekana. Gari zikabaki. Mingi zilipoteza motere zake, na mtu anayeipata moja leo anajikuta mbele ya swali lile lile la internati.

FARASI ZA KARATASI

Hapa ndipo wengi wanadanganyika, na hata mimi nilidanganyika. Ile 450 ya LS6 haifanani na farasi zinazoandikwa leo. Mpaka mwaka 1971 viwanda vya Amerika vilipima motere ikiwa uchi juu ya meza: pasipo filtre ya hewa, pasipo bomba la moshi la kweli, pasipo vitu vinavyokula nguvu yake. Kuanzia modeli za 1972 wakaandika nguvu ya motere iliyovaa vitu vyake vyote, sawa inavyokaa ndani ya gari. Mwaka 1971 General Motors ilitoa hesabu zote mbili, kwa hiyo tunaweza kulinganisha. Motere ya LT-1, inchi 350, iliyopendwa sana na vijana, ilikuwa na farasi 330 kwa kipimo cha zamani. Kwa kipimo kipya? Farasi 275. Motere ni ile ile, mwaka ni ule ule.

Sasa chukua motere ya litre 5,3 ambayo General Motors iliitia ndani ya pikapu za Chevrolet Silverado kuanzia mwaka 1999, gari za kubeba mbao na simenti. Mwanzo ilikuwa na farasi 270, na katika miaka iliyofuata ikapita 280, zote kwa kipimo kipya. Ni kusema, ile motere ya mzigo iliyolala kwenye uwanja wa gari zilizogongana inalingana na LT-1 ya picha za ukutani. Nilipowaambia hivi wale wa sehemu ya ufundi, wawili walikataa kula nami asubuhi.

Wa darasa la tano wanaopenda hesabu wafanye hii: 350 ina kipenyo cha silinda 10,16 cm na mwendo wa pistoni 8,84 cm. Tafuta eneo la duara, zidisha kwa mwendo, zidisha kwa silinda 8. Utapata karibu santimeta za ujazo 5 733, ndizo litre 5,7. Fanya vile vile kwa 5,3: kipenyo 9,6 cm, mwendo 9,2 cm. Utaona kwamba ile ndogo inatoa nguvu sawa kwa ujazo mdogo. Sababu iko katika kilase (kile kifuniko kizito cha juu chenye supape): njia za hewa ndani yake zimechongwa vizuri zaidi. Motere ni pampu ya hewa. Inayopumua vizuri ndiyo inakuwa na nguvu.

MILANGO MITATU

Mwenye Chevelle ile ana milango mitatu ya kweli.

Wa kwanza ni ile kubwa, V8 nzito ya 396 au 454. Huu nitaupita haraka. Ni nzito karibu kilo 50 kupita V8 ndogo, na uzito wote unaangukia pua ya gari. Inataka viegemeo vyake, resore za mbele zenye nguvu na radiatere kubwa. LS6 yenyewe ilibana hewa mara 11,25, kwa hiyo inataka esansi ya oktani ya juu kila siku. Piesi zake ni bei kali kuliko za ndogo, juu ya sifa. Kwa mtu mwenye mfuko mfupi, ni njia ya baba mdogo kabisa: kitu chenyewe kinapatikana, na mahali pa kukitia hapapatikani.

Wa pili ni V8 ndogo ya Chevrolet, na hapa nitakaa kidogo, sababu hadithi yake inanifurahisha. Ilitoka mwaka 1955, na ujazo wa inchi 265, chini ya uongozi wa injinia Ed Cole. Ikakua: 283 mwaka 1957, 327 mwaka 1962, 350 mwaka 1967. Lakini ilipokua tumbo, mwili wa nje ulibaki karibu ule ule. Matundu ya kuungana na bwati ya vitesi yalibaki pale pale tangu 1955, na viegemeo vya pembeni tangu 1958. Kwa hiyo Chevelle iliyotoka kiwandani na 307 inapokea 350 sawa mtu anayevaa koti la ndugu yake. Viegemeo, bwati na mti wa transmisio vinabaki, na mara nyingi radiatere pia. Mwaka 2011 General Motors ilisherehekea motere ya milioni 100 ya ukoo wa V8 ndogo, pamoja na vizazi vyake vipya. Ndiyo maana piesi zake ziko kila mahali kule, na fundi wa kila kijiji anaijua.

Lakini si kila 350 ni sawa. Zile za pikapu za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa dhaifu. Mingi zilitoa farasi kama 165 tu. Anayetaka kununua kwa akili anatafuta 350 iliyotoka ndani ya pikapu au gari kubwa ya jamaa kuanzia 1996, ambayo kiwanda kiliiita Vortec. Kilase zake ni nzuri sana, na ilitoa farasi 255 kwa kipimo kipya. Angalia tu mambo mawili mbele ya kulipa. Kwanza, kilase hizo zinataka manifoldi ya hewa ya aina yake. Ile ya zamani ya karburateri haikai juu yake. Pili, kuanzia 1986 mwisho wa nyuma wa vilebrekeni uligeuzwa, na gurudumu zito la motere la zamani haliungani tena. Ukisahau kuchukua lile gurudumu kwenye gari ile ile uliyotoa motere, utarudi kununua, na muuzaji atajua kwamba huna njia.

Wa tatu ni ile 5,3 ya Silverado. Kama mngeuliza motere iliyo bora kati ya hizi tatu kwa kutembea kila siku, ningejibu hii pasipo kufikiri. Inawaka asubuhi ya baridi, inakula esansi kidogo, ni nyepesi kuliko ile ya 454, na iko mingi kule. Wenye akili wanachukua za mpaka 2006 hivi, sababu nyuma ya hapo nyingi zilipewa mtambo wa kulalisha silinda nne ili kupunguza esansi, na vipande vya ule mtambo vinajulikana kwa kuharibika.

Basi kwa nini siichagui? Sababu ya karatasi za fundi. Matundu yake ya viegemeo ni mengine, kwa hiyo unanunua vyuma vya kati. Karteri ya mafuta ya pikapu inaning'inia chini sana, unatafuta ya gari ingine. Haina karburateri, inapigiwa esansi na komputa, kwa hiyo unataka ile komputa, nyaya zake zote, na mtu wa kuzisoma. Pampu ya esansi ya Chevelle inasukuma chini ya nusu ya bar; hii inataka bar 4. Basi pampu mpya, tiyo mpya, pengine tangi limefanyiwa kazi. Bomba za moshi pia. Kila kitu peke yake ni kidogo. Vihesabu pamoja, utaona kwamba motere ya bei ndogo imezaa watoto, na watoto wanakula kuliko mama. Kwa mtu anayejua kuunga nyaya mwenyewe na ana rafiki mwenye mashine ya kuunga chuma, sawa, achukue 5,3 na Mungu ambariki. Kwa mtu anayelipa kila saa ya fundi, hapana.

Mimi ninachagua 350 ya 1996 na karburateri juu yake.

NUSU YA PESA

Mafundi wa Amerika wanaoandika juu ya kazi hii wanarudia jambo moja: usiulize bei ya motere, uliza bei ya gari inayotoka kwenye mlango na kusimama tena. Mimi nimejiwekea sheria ya hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mtu ana dola 4 000. Motere ikipita 2 000, aiache. Nusu ile ingine haibaki mfukoni. Inakwenda kwenye vitu ambavyo hakuna anayepiga picha yake: joinsi, mafuta, radiatere, tiyo, usafirishaji, na zaidi ya vyote, freni.

Chevelle nyingi za kawaida zilitoka na freni za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Zilitosha kwa 307. Lakini kumbukeni somo la fizika: nguvu ya mwendo inafuata mraba wa vitesi. Gari inayokwenda 110 kwa saa haina kidogo zaidi kuliko inayokwenda 80. Ina karibu mara mbili. Gawanya 110 kwa 80, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 1,89. Ngoma zikipata moto zinaacha kushika. Sisi tunaoishi juu ya milima tunajua harufu ile kwenye mteremko. Kwa hiyo freni za diski za mbele zinaingia katika hesabu mbele ya rangi na mbele ya sauti.

Na juu ya sauti: vijana wanapenda abrakame kali, ule mti unaofungua supape, ule unaofanya gari isimame ikitetemeka dudu-dudu-dudu. Ni mtego. Abrakame ile inakula nguvu ya chini, mahali ambapo mtu anaendesha kila siku, na inapunguza uvutaji wa hewa unaosaidia freni. Gari inapiga kelele ya kushinda na haisimami. Vile vile karburateri kubwa mno.

KABLA YA KUTOA PESA

Motere ya mtumba haisemi uongo, lakini muuzaji anaweza. Toa buji zote na zitazame. Zungusha vilebrekeni kwa mkono na ufunguo. Ikikataa, rudi nyumbani. Pima mbano wa kila silinda kwa kipimo: usitafute namba kubwa, tafuta namba zinazofanana. Saba nzuri na moja mbaya ni motere mbaya. Fungua kizibo cha mafuta: kukiwa na kitu cheupe kama maziwa, maji yameingia, na kilase au joinsi yake ina shida. Kisha soma namba iliyomwagwa na chuma nyuma ya bloki, upande wa dereva. Kila mtu kule anasema motere yake ni 350 iliyotoka ndani ya Corvette. Namba inajibu.

Kama motere ni ya miaka ya 1960, uliza kama viti vya supape vimebadilishwa. Vingi vilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya esansi. Amerika iliikataza kwa gari za barabarani mwaka 1996, na nchi ya mwisho ulimwenguni kuiuza ilikuwa Algeria, iliyoacha mwaka 2021. Pasipo risasi, viti vya chuma laini vinaweza kuliwa pole pole.

Neno moja kwa mwenye bahati. Kama gari bado iko na motere yake ya kuzaliwa, hata ikiwa imekufa, isitupwe. Namba zake zikilingana na za gari, ni sehemu ya bei ya gari. Wanaipaka mafuta, wanaifunga na kuiweka pembeni.

Nimemwandikia baba mdogo barua ya kurasa tatu. Sikumfundisha, sababu yeye ni mzazi wangu. Nilimwuliza tu maswali kwa heshima. Pikapu ilitoka kiwandani na motere gani? Viegemeo vya zamani bado viko, au vilikatwa? Bwati ya kwanza iliuzwa? Alijibu juma lililopita kwamba viegemeo viko, na bwati iko chini ya kitanda cha bibi. Simba atauzwa kwa mtu wa lori, mahali pake pa kweli. Akipata motere ya aina ile ya kwanza, hata yenye nguvu kidogo, kazi itakuwa ya siku mbili, si ya mwaka. Kuku tu ndio watatafuta mahali pengine.

Doyen wa wanafunzi, darasa la 6